Feni ipi ununue kabla ya kaskazi: mwongozo kwa nyumba za Malindi

Wenzetu wa Nairobi na Nyahururu huona tokeni za umeme zikiyeyuka mwezi wa Julai, baridi inapowalazimu kuwasha hita na kuoga maji moto asubuhi na jioni. Sisi wa Malindi baridi yetu ni ya shuka moja. Msimu unaotufilisi ni kaskazi, Disemba hadi Machi, na hasa zile wiki za malelezi, kaskazi imelegea na kusi haijaingia, hata ukuti wa mnazi hautikisiki. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo. Feni zinazunguka tangu taraweh hadi daku, na friji inafunguliwa kila dakika kwa ajili ya maji na juisi.

Kila mwaka msimu huo ndugu na majirani huniuliza ninunue nini. Wengi huangalia bei iliyobandikwa dukani, wakasahau kwamba feni hulipiwa mara mbili: siku ya kuinunua, na kila usiku inapozunguka. Kwa hiyo hapa nimepima vyombo kwa uniti vinavyokula, maana bei za dukani hubadilika na hutofautiana kati ya duka na duka.

Anza na mita yako

Kenya Power hupanga nyumba katika madaraja matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Daraja lako hutokana na wastani wa miezi mitatu. Ukivuka 100, bei ya msingi ya uniti hupanda, na friji yako ambayo haijabadilika hata kidogo inaanza kukugharimu zaidi. Juu ya bei hiyo kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya sarafu za kigeni na VAT ya asilimia 16. Gharama ya mafuta hubadilika mwezi hadi mwezi, ndiyo sababu shilingi 500 za Januari na 500 za Machi hazileti uniti sawa.

Fanya hesabu hii leo: chukua ujumbe wa tokeni za mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako ya kweli. Katika mwongozo huu nitatumia shilingi 27 kwa mfano, wewe weka yako.

Nyumbani kwangu, bila feni, friji hula kama uniti 38 kwa mwezi, taa na runinga 14, pasi na simu 6. Jumla 58. Nimebakiwa na uniti 42 kabla ya kuvuka ile mia. Feni mbili za kawaida za dari, za wati 75 kila moja, zikizunguka saa kumi kwa siku, zinakula uniti 45 kwa mwezi. Nimevuka! Feni mbili za mota mpya za wati 30 zinakula 18, nami niko 76, nimelala salama. Ukikumbuka hesabu hiyo moja tu, mengine yote ya mwongozo huu utayapima mwenyewe. Kanuni yake ni wati mara saa, gawanya kwa 1,000.

Ya kwanza: feni ya dari yenye mota ya BLDC

Herufi hizo nne utazikuta kwenye boksi. Sehemu inayozunguka ya mota hii ina sumaku za kudumu na huendeshwa kwa saketi ya elektroniki, kwa hiyo umeme mwingi unageuka upepo badala ya kupotea kama joto. Ikienda kasi ya mwisho hula kati ya wati 28 na 35, na ukiipunguza kasi hushuka mpaka wati chache mno. Haivumi sauti, na mara nyingi huja na rimoti, jambo ambalo mwenye mama mzee au mgonjwa kitandani atalishukuru.

Bei yake ndiyo inayowatisha watu. Tuseme imezidi ya kawaida kwa shilingi 3,000. Feni moja inakuokolea uniti 13 na nusu kwa mwezi, yaani kama shilingi 365 kwa bei yangu ya mfano. Tofauti inarudi kwa miezi minane ya joto, kaskazi mbili. Kama ni chumba ambacho feni huzunguka mwaka mzima, kama vile vyumba vingi vya Majengo na Maweni vilivyobanwa na nyumba za jirani, inarudi kabla mwaka haujaisha. Na hapo bado sijahesabu faida ya kubaki chini ya uniti 100.

Ila ina udhaifu wake na nitausema wazi. Ile saketi haipendi umeme unaopandapanda. Hapa kwetu umeme ukikatika, hatari iko pale unaporudi, maana huja kwa kishindo. Mwambie fundi akuwekee kikinga cha umeme kwenye meni swichi, na wewe mwenyewe uzoee kuzima swichi ya feni umeme unapokatika. Dukani uliza mambo mawili: saketi ikiungua, inapatikana peke yake? Na rimoti ikipotea, feni inaweza kubadilishwa kasi kwa swichi ya ukutani? Muuzaji asiyejua majibu, nenda duka la pili.

Ya pili: feni ya dari ya kawaida

Hii ndiyo pangaboi tuliyokua nayo. Hula wati 60 hadi 80. Uzuri wake ni kwamba kila fundi wa Malindi anaijua, na ugonjwa wake wa kawaida ni mmoja: kapasita. Feni iliyokuwa na nguvu ikianza kuzunguka kivivu, au ikahitaji kusukumwa kwa fimbo ndipo ianze, usikimbilie kununua mpya. Badilisha kapasita kwanza, ni kitu cha bei ndogo. Nimeona feni nzima zikitupwa jalalani kwa ajili ya kapasita, na inaniuma.

Ukiinunua, uliza kama koili ni ya shaba. Iinue pia kwa mkono: yenye koili ya shaba huwa nzito kuliko ya alumini, na hudumu zaidi. Regulata nayo ina maneno. Lile sanduku kubwa la zamani linalopata moto ukiligusa hupunguza kasi kwa kuunguza umeme ndani yake, hivyo ukiweka namba moja badala ya tano huokoi kama unavyodhani. Chukua regulata ndogo ya elektroniki.

Kwa aina zote mbili, kipimo cha mapanga ni muhimu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinatoshwa na inchi 48. Sebule ya mita 4 kwa 4 itake 56. Mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni ili mtu asijeruhiwe akinyoosha mkono, na yasikaribie dari kuliko sentimita 30 hivi, kwani feni iliyobanwa na dari haina hewa ya kuvuta. Kama nyumba yako ya mabati ni fupi kiasi hicho, achana na feni ya dari, nenda kwenye ya ukutani. Na nyumba ya makuti, feni ifungwe kwenye boriti au bomba la chuma lililolala juu ya boriti mbili. Usimruhusu fundi aifunge kwenye fito hata akuapie.

Chumvi ya bahari nayo usiisahau. Nyumba za Shela, Casuarina na kando ya ufuo, panga la chuma litaota kutu mapema mno. Chukua mapanga ya alumini, na uyafute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila baada ya wiki chache.

Ya tatu: ya kusimama na ya ukutani

Kwa mpangaji hii ndiyo ya kwanza, maana siku ya kuhama unaibeba. Hula wati 45 hadi 60. Nyingi huuzwa kwa ukubwa wa inchi 16, na hiyo inatosha kitanda cha watu wawili. Chandarua kikiwa kinaning'inia katikati ya chumba mahali ambapo feni ya dari ingekaa, feni ya ukutani iliyo upande wa miguu hupitisha upepo kwenye chandarua vizuri zaidi.

Mguu wa kusimama wenye kitako cha msalaba huanguka watoto wakipita, kile cha duara kizito ni bora. Kichwa kikizungushwa kisilie. Matundu ya wavu wake yasipitishe kidole cha mtoto. Hayo yote yajaribu pale pale dukani ikiwa imechomekwa, kasi zote tatu.

Ya nne: feni ya kuchaji

Si ya kuchukua nafasi ya feni ya nyumba. Ni ya usiku ule umeme umekatika na kuna mtoto mchanga ndani. Hula kama wati 15. Jambo la kutazama ni betri: zile za asidi ya risasi, ukiziacha bila chaji kwa miezi ya kusi, kaskazi ikirudi utakuta zimekufa. Za lithiamu huvumilia zaidi. Aina inayopokea paneli ndogo ya sola ina thamani yake kwa ndugu zetu wa mashamba ya Langobaya na Marafa, jua ambalo ndilo adui mchana ndilo linaloipa nguvu usiku.

Ya tano: AC

Sitamkataza mtu. Kuna mzee mwenye moyo, kuna mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, na joto la Machi linaweza kuwadhuru. Lakini ingia ukijua. AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula karibu wati 900 kompresa ikifanya kazi. Saa nane kila usiku bila kupumzika ni uniti 216 kwa mwezi. Ya inverta hupunguza kasi chumba kikishapoa, na inaweza kukuletea nusu ya hapo, nayo bado inatosha kukuvusha ile mia peke yake.

Tena nyumba zetu nyingi zina madirisha ya luva. Vioo vile havifungi sawasawa, baridi unayoilipia inatoka nje kuwapoza kunguru. Kabla ya kununua AC, badilisha dirisha la chumba hicho kimoja na uzibe uwazi wa chini ya mlango. Kisha iweke nyuzi 26 na feni ya dari izunguke polepole: utahisi kama umeiweka chini zaidi, kwa umeme pungufu. Ile sehemu ya nje isielekee bahari, chumvi itakula mapezi yake.

Zile AC za kusukuma zenye bomba moja la kutolea joto dirishani, ziache. Hewa zinayoitoa nje lazima ifidiwe, basi joto la nje linavutwa ndani kupitia kila upenyo.

Ya mwisho: kipoza hewa cha maji

Hiki ndicho kilichonifanya niandike. Ni lile sanduku lenye tangi la maji na feni nyuma yake, na wauzaji hulisifu kwamba ni AC ya bei nafuu. Nililinunulia shangazi yangu wa Shela kwa moyo safi. Wiki ya pili akaniita.

"Mwanangu, hiki chombo chanipuliza mvuke kama wa sufuria. Godoro limelowa, na nguo kabatini zanuka ukungu."

Alikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu. Chombo hiki hupoza kwa kufukiza maji, na maji hufukika vizuri hewa ikiwa kavu. Garissa kina kazi. Malindi hewa yetu imeshiba unyevu wa bahari. Siku ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, hata kipoza bora hakiwezi kushusha hewa zaidi ya nyuzi 5, na cha kawaida hakifiki hapo. Kisha dirisha likifungwa, unyevu unarundikana chumbani na jasho la mwili halikauki. Shangazi sasa ana feni ya ukutani ya inchi 16, na lile sanduku tulilifungua tukachukua magurudumu.

Siku ya kununua na usiku wa kwanza

Soma wati kwenye kibandiko cha mota yenyewe, si kwenye boksi tu. Risiti iandikwe namba ya feni, na muda wa garantii upigwe muhuri. Fundi akiifunga kwenye zege lisilo na ndoano, atumie bolti inayojitanua ndani ya zege, kisha aning'inie kwenye bolti hiyo kwa mikono kuipima kabla ya kuweka mapanga. Mapanga yasichanganywe na ya feni nyingine, yamepimwa pamoja kiwandani, na feni inayoyumba hula beringi zake.

Usiku wa kwanza, soma mita unapolala na uisome tena alfajiri kabla mtu hajafungua friji. Usiku wa pili fanya hivyo hivyo feni ikiwa imezimwa, kama joto litakuruhusu. Tofauti ya usiku hizo mbili ndiyo feni yako. Ikiwa ni ya wati 30 na imezunguka saa nane, mita isionyeshe tofauti kubwa kuliko robo ya uniti hivi. Ikionyesha zaidi ya nusu, chukua risiti yako urudi dukani asubuhi hiyo hiyo.

Na watoto waambiwe kwamba feni haipozi chumba, inampoza mtu. Chumba kisicho na mtu, feni izimwe.