Geji 28 kwa kuwinda ndege: risasi za dukani na ninazojaza mwenyewe

Huu ni msimu wangu wa nne na bunduki ya marisau (punje ndogo zinazotoka nyingi kwa risasi moja) ya geji 28, baada ya miaka mingi ya geji 12. Nilihama kwa sababu ya bega na uzito. Anayetembea kutwa nzima akitafuta kware ataelewa. Swali ninaloulizwa kila mara ni kama marisau machache hivyo humwangusha ndege. Humwangusha, lakini ukichagua risasi ovyo utajeruhi ndege na kuwapoteza vichakani, na hilo siwezi kulivumilia.

Geji ni idadi ya mipira ya madini ya risasi, yenye upana sawa na mtutu, inayotimiza ratili moja. Kwa hiyo namba ikipanda, mtutu unazidi kuwa mwembamba: geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni 15.6, geji 28 ni 14. Ile iitwayo .410 haimo katika hesabu hiyo, hicho ni kipenyo chake kwa inchi. Nimeijaribu pia, na simshauri anayeanza. Marisau yake hupangwa katika safu ndefu nyembamba, na kwangu yalitawanyika vibaya.

Risasi ya kawaida ya geji 28 hubeba gramu 21 za marisau. Kwa kware na njiwa natumia marisau ya ukubwa namba 7½ ya Kimarekani, kipenyo cha milimita 2.4, ambayo hunipa punje kama 260. Namba 6 hupiga kwa nguvu zaidi, ila unabaki na punje 170 hivi, na hapo mapengo huanza. Tena angalia milimita kwenye boksi, usitegemee namba peke yake: 6 ya Marekani ni milimita 2.8, ya Uingereza ni 2.6.

Kilichonifundisha zaidi ni karatasi. Nilichora duara la sentimita 76, nikarudi nyuma mita 27, nikafyatua aina mbili za risasi, zote 7½. Ya kwanza, yenye marisau laini, iliacha pengo ambalo kware angepita mzima. Ya pili, ambayo madini yake yamekazwa kwa antimoni, ilijaza duara vizuri. Maandishi ya maboksi yalikuwa karibu sawa. Tangu siku hiyo ndege akivuka mita 30 namwacha aende.

Kwa bata mambo ni mengine. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku madini ya risasi kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Chuma, kinachotumika badala yake, ni chepesi, kinahitaji punje kubwa, na ganda dogo halina nafasi. Bismuthi, madini mazito kuliko chuma, ndiyo iliyonifaa.

Kujaza mwenyewe kulianza kwa sababu risasi za geji 28 ni adimu na ghali kuliko za 12. Mashine yangu ni ya mkono, hujaza ganda moja kwa wakati, na siitamani ya haraka zaidi. Nafuata jedwali la mtengenezaji wa baruti neno kwa neno: ganda lile lile, fataki (kiwasha baruti) ile ile, baruti ile ile, kikombe cha plastiki cha kubebea marisau kile kile. Kubadilisha kimoja kwa "kinachofanana nacho" ni hatari, na katika ganda dogo kosa dogo ni kubwa. Kila baada ya risasi kumi napima baruti kwenye mizani.

Hata hivyo siku moja bunduki ilitoa mlio hafifu. Nilisimama, nikatoa risasi zote, nikachungulia mtutu: kikombe kilikuwa kimekwama ndani. Baruti ilikuwa imeziba kwenye bomba la mashine na ganda likapata kidogo tu. Ningefyatua nyingine juu yake, mtutu ungepasuka. Sasa namulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kikombe.

Kwa sababu hiyo hiyo sibebi geji mbili katika fulana moja. Risasi ya 20 hutumbukia ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele, chemba, yaani sehemu ya kuwekea risasi, ikaonekana tupu. Ndiyo maana maganda ya 20 hutengenezwa ya manjano. Risasi ya 28 yaweza kufanya vivyo hivyo ndani ya mtutu wa 20, na haina rangi yake maalumu ya kukuonya.