Chumvi ya sokoni na chumvi ya maabara

Muuza dagaa wa Kigoma akisema chumvi, anamaanisha kitu kimoja tu: kloridi ya sodiamu, ile ambayo Uvinza wameipata tangu kale kwa kuchemsha maji ya chemchemi. Mwalimu wa kemia anataja ukoo mzima: asidi na besi (kinyume cha asidi) zikikutana, mbali na maji, kinachopatikana ni chumvi. Kwa hiyo magadi ya kulainishia maharage ni chumvi. Mrututu ule wa buluu, yaani salfeti ya shaba, nao ni chumvi, tena ni sumu, usije ukauonja!

Kwenye mtihani, shika maana ya mwalimu. Jikoni, ya muuza dagaa inatosha kabisa, ila pakiti ikiandika sodiamu, zidisha kwa 2.5: gramu 2 za sodiamu ni gramu 5 za chumvi.