Majani ya paka wa ndani: nunua nini, acha nini

Paka anayeishi ghorofani, iwe Kinondoni au Kilimani, anaweza kumaliza mwaka bila kukanyaga nyasi. Matokeo yake hugeukia mmea wowote uliopo sebuleni, na mingine ni sumu kwake. Maua ya lili ndiyo mabaya kuliko yote: paka akilamba tu chavua iliyomdondokea kwenye manyoya, figo zinaweza kufa. Kumwoteshea majani yake mwenyewe ni kazi ya wiki moja na hela kidogo. Ushauri wangu ni huu: majani ya kutafuna nunua kwa muuza nafaka, na hela itakayobaki itumie kwenye ketinipu (catnip), mmea ambao harufu yake humpagawisha paka, maana huko ndiko bidhaa nzuri na mbaya zinapoachana kweli.

1. Ngano nzima ya sokoni

Nenda Tandale, Kongowea au Nyamakima, mwambie muuzaji unataka ngano ya kuotesha. Akikupimia ile ya bokoboko, mrudishie, imeshakobolewa, haioti. Punje unayoitaka ni ya kahawia, ina mfereji katikati na ganda lake zima, haing'ai. Ukitaka uhakika, chukua punje kumi, zifunge kwenye kitambaa kibichi siku mbili au tatu. Zikichipua saba au zaidi, rudi ununue kilo. Bakuli dogo linakula kama gramu 50, kwa hiyo kilo moja inakutosha bakuli ishirini.

Loweka usiku kucha, mwaga maji, tandaza punje juu ya udongo wenye unyevu zikigusana bila kulaliana, kisha nyunyizia udongo kiasi cha kuzificha. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa vilevile, na ni mepesi kubeba hadi ghorofa ya nne. Kati ya siku ya saba na ya kumi majani yatakuwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, mpe hapo. Yakianza kugeuka manjano hayana ladha tena, kwa hiyo bakuli la pili liwe limeshapandwa kabla la kwanza halijachoka.

Pwani adui ni ukungu. Mwagilia asubuhi, weka dirishani penye upepo, na hakikisha chombo kina matundu chini. Lakini usiogope kila cheupe unachokiona: manyoya laini yanayozunguka mzizi mchanga ni sehemu ya mzizi, ukinyunyizia maji yanalala. Ukungu haulali, unatambaa kama utando kutoka punje hadi punje na unanuka. Ukiuona, tupa bakuli zima. Chombo chenyewe kiwe kizito, cha udongo ikiwezekana, kwa sababu paka havuni kwa adabu. Anauma, anavuta, na kopo jepesi la plastiki linamfuata hadi chini ya kochi.

2. Shayiri yenye ganda

Inaota haraka na majani yake ni mapana. Imekuja ya pili kwa sababu tu kuipata ni kazi zaidi. Kenya inapatikana kwenye maduka ya pembejeo, kwa ajili ya wafugaji wanaootesha lishe ya mifugo bila udongo. Shayiri ya kupikia imekobolewa, na oti za pakiti zimepondwa kwa mvuke. Zote mbili utazimwagilia bure.

Dukani hapo uwe makini. Mbegu ya kwenda shambani mara nyingi imepakwa dawa ya kuvu na wadudu, na hutiwa rangi nyekundu, bluu au kijani ili mtu asiile. Lowesha kidole, sugua punje. Kikitoka na rangi, iache hapo hapo. Hata isipotoa rangi, muulize muuzaji kama imetiwa dawa. Akisitasita, rudi kwenye ngano ya sokoni.

3. Pakiti iliyo tayari

Kisahani, udongo mkavu na mbegu ndani ya boksi lenye picha ya paka. Geuza nyuma usome: karibu kila mara ni ngano, shayiri au oti. Unalipia kisahani. Inafaa kama zawadi, au kama huna soko la nafaka karibu. Angalia tarehe, maana zinazokaa miezi rafuni kwenye joto huota nusu nusu.

Usinunue kabisa

Mtama, pamoja na ule mchanganyiko wa mbegu za ndege ambao mara nyingi una mtama. Mche mchanga wa mtama una kemikali inayogeuka sianidi ukitafunwa. Wafugaji wanajua kinachompata ng'ombe aliyeingia shamba la mtama unaochipua. Na mchaichai, ingawa paka wengi wanaufuata uani: una mafuta yanayoweza kumvuruga tumbo.

Ketinipu

Huyu ni jamaa wa nanaa. Kwenye pakiti tafuta jina Nepeta cataria. Jamii nyingine za Nepeta ni maua mazuri ya bustani, ila harufu yake kwa paka ni hafifu. Kinachomrusha akili ni nepetalaktoni iliyo kwenye majani, kemikali hiyo hiyo inayofukuza mbu. Paka hujigaragaza kwa dakika kumi hivi, kisha hajali tena kwa saa moja au mbili. Kama theluthi moja ya paka hawasikii kitu maisha yao yote, ni suala la kurithi, na watoto wa paka nao hawashtuki mpaka wafikishe miezi kadhaa.

Kwa hiyo anza na pakiti ndogo ya majani makavu, umpime. Yawe ya kijani, na ukiyasugua yapige harufu kali. Vumbi la kahawia lililojaa vijiti ni hela iliyopotea. Akipagawa, tafuta kipandikizi kwa mtu mwenye mmea. Ukikiweka kwenye glasi ya maji kinatoa mizizi kama nanaa. Mbegu ndiyo njia ndefu, ni ndogo sana na huchukua wiki moja hadi tatu kuchomoza, lakini Nairobi, Arusha na Iringa zinakubali vizuri. Dar na Mombasa mpe mmea jua la asubuhi tu, la mchana litaukausha. Utundike juu, kwani jani likishapondwa kidogo harufu inatoka, na paka ataulalia mmea mzima.

Ukifikiria kuagiza mbegu nje ya nchi, kumbuka zinatakiwa kibali na cheti cha afya ya mimea, kutoka mamlaka za afya ya mimea, yaani KEPHIS Kenya au TPHPA Tanzania. Bahasha isiyo na karatasi hizo inaweza kuzuiwa. Majani makavu ya dukani hayakuingizi huko, wala dawa ya kupuliza yenye harufu ya ketinipu, ingawa hiyo ya kupuliza naiweka mwisho kabisa: nyingi ni hafifu, na paka aliyewahi kunusa jani halisi huipita tu.