Mbuzi ya nazi kutoka Ngamiani: miezi minane ya kukuna

Blenda yangu iliungua mota, nikaenda kwa fundi seremala mmoja Ngamiani, hapa Tanga, nikanunua mbuzi ya kukunia nazi kwa shilingi 15,000. Ni ya mninga, ya kukunja, miguu imepishana kama marfaa ya msahafu, na mbele umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Fundi hakuipaka vanishi. Nashukuru, maana kiti chenye vanishi huteleza ukishika kasi.

Nianze na kazi yenyewe. Nazi moja inanichukua dakika sita, saba. Blenda ilikuwa inamaliza upesi, ila kwanza uibandue nyama ya nazi kifuuni kwa kisu, uikatekate, na ile ngozi ya kahawia uimenye, la sivyo inasagwa humohumo. Kwenye mbuzi unaanzia ukingoni, unazungusha kifuu kwa viganja viwili, unaingia ndani kidogo kidogo, na weupe ukiisha unaacha. Nakamua mara tatu kwa maji ya uvuguvugu. Tui la kwanza naliweka kando la kumalizia, mengine mawili ndiyo ya kupikia. Kwenye samaki wa nazi tofauti inaonekana tangu sufuria haijaepuliwa. Chicha wanapata kuku.

Lakini kilichonifanya niandike ni kingine.

Mimi ni mhasibu. Nikirudi nyumbani kichwa bado kimejaa tarakimu na maneno ya watu. Wiki ya kwanza nilijikata kidole gumba mara mbili, na mara zote mbili nakumbuka vizuri: nilikuwa namjibu mtu moyoni, mtu ambaye hata hakuwapo pale uani. Kwa nje ungeniona nimetulia. Baadaye nikaanza kuangalia sinia. Nikikuna na hasira, nazi inaanguka mapande mapande, na weupe wake una madoa ya kahawia kwa kuwa mkono unakandamiza hadi kwenye ngozi. Nikiwa sawa, inashuka laini kama unga. Siku hizi nikiona madoa hayo nasimamisha mikono, nashusha pumzi, natafuta hasira imekaa wapi. Mara nyingi iko kwenye taya, au mabegani. Siifukuzi. Nikishajua ipo, viganja vyenyewe vinalegea, naendelea.

Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa akisisitiza tuhudhurishe moyo katika swala. Kwa miaka mingi mimi nilielewa kwamba maana yake ni kujikaza: nifumbe macho, nikunje uso, nizuie kila wazo mlangoni. Nimekuja kuona njia nyingine nikiwa nimekalia mbuzi. Nasikia meno yanavyokwaruza, nasikia wali wa jirani unavyotokota, pikipiki inapita, mtoto analia nyumba ya tatu. Vyote vinaingia na kutoka, na mimi nipo na kifuu changu. Nimejaribu kusimama hivyohivyo kwenye msala, na alhamdulillah, swala yangu ya magharibi imebadilika.

Jambo la pili sikulitarajia kabisa. Mbuzi inakukalisha chini, macho yako yako kwenye kazi, kwa hiyo anayekuja kuzungumza nawe hatazamwi usoni. Binti yangu ana miaka 15. Jumamosi moja alikuja na ungo akakaa karibu yangu kuchambua mchele. Nazi ya kwanza iliisha hatujasema neno. Kwenye ya pili akasema, "Mama, mimi hesabu siziwezi tena. Nimeacha kuelewa tangu mwaka jana."

Jibu lilinipanda kooni palepale: ada ninayolipa, masomo ya jioni, mimi nilipokuwa na umri wako. Nililihisi linakuja kama mtu anavyohisi chafya. Mikono ilikuwa imeshika kifuu, nikazungusha, nikakuna, likapita. Nikasema, "Ehe." Akaendelea. Akaniambia hunakili daftari la mwenzake. Akaniambia usiku wa kuamkia siku ya kurudishiwa mitihani huwa halali. Halafu, polepole, akaniambia anachoogopa kuliko alama ni uso wangu.

Sikuwa najua kwamba nina uso huo. Nilimaliza kukuna, nikamwomba radhi, tukakamua tui pamoja.

Kasoro zipo. Kiti kiko chini mno kwa mwenye magoti mabovu. Mama mkwe wangu alijaribu mara moja akashindwa kunyanyuka bila kushikwa mkono. Msumari unaounganisha miguu ulilegea mwezi wa tatu. Fundi akaubadilisha bila kudai kitu. Chuma kinashika kutu usipokikausha, hivyo nikishakiosha nakipaka mafuta ya nazi. Meno nimeyanoa kwa tupa mara moja. Na kama una watoto wadogo, usiiache imekunjuliwa, kwa sababu ulimi ule uko usawa wa uso wao. Yangu naikunja inakaa nyuma ya mlango wa jikoni, haili nafasi.

Ukienda kununua, ikalie hapohapo kwa fundi uone kama inatikisika, na upitishe ukucha kwenye meno: lazima yakwaruze. Chagua mbao nzito. Nyepesi inasogea kila ukisukuma, utakuna huku unaifuata.

Nimeshaagiza nyingine, yenye kiti kipana kidogo, kwa kuwa binti ameomba ya kwake. Jumamosi iliyopita alikuna yeye kwenye hii yangu. Mimi nilishika ungo nikachambua mchele, na safari hii mwenye la kusema nilikuwa mimi.