Mini VCI kwenye 1KD: kebo ya bei chee inayookoa nozeli

Mwenye Prado, Hilux Vigo au Hiace yenye injini ya 1KD-FTV, dizeli ya cc 2,982, anazijua dalili: silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga pedali) inatetemeka, gari linakata pumzi mlimani, asubuhi linagonga kama linasaga mawe. Hukumu ya gereji nyingi ni moja tu: nozeli (vipulizia dizeli kwenye silinda) zimekufa, leta nne. Mini VCI ni kebo ndogo inayounganisha soketi iliyo chini ya usukani na laptopu yenye Techstream, programu ya Toyota yenyewe, na inakupa cha kumjibu fundi. Bei yake haigusi hata nozeli moja mpya ya Denso.

Vile vidude vya ELM327 vya kusomea hitilafu kwa Bluetooth havifui dafu mbele yake. Vingi ni vya kunakiliwa. Vilivyoandikwa toleo la 1.5 vinajisema vyenyewe, maana kampuni ya Elm iliyobuni ELM327 haikuwahi kutoa toleo hilo. Hata vikikubali kuongea na 1KD ya zamani iliyotoka Japani, na mara nyingi hugoma, vinakutajia namba ya hitilafu na kukuacha hapo. Namba si spea. Kwa mfano, P0087 inasema presha ya reli (bomba linalogawia nozeli dizeli) iko chini ya inayotakiwa. Chanzo kinaweza kuwa chujio la dizeli, hewa kwenye mipira, valvu ya SCV (inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu), au nozeli inayorudisha mafuta mengi. P1229 huelekeza upande wa pili, presha kuzidi. Hapo shuku SCV iliyoganda kabla ya kugusa nozeli.

Kero ya kebo hii ipo mwanzoni. Driva yake ilitengenezewa Windows ya biti 32, na kwenye biti 64 utahangaika. Laptopu kuukuu ndiyo mwenza wake. Techstream halali hutumia leseni ya Toyota. Diski za mtaani zinazokuja na kebo hazina dhamana, usiziingize kwenye laptopu yenye kazi zako.

Ikishakubali, pasha injini hadi maji yafike nyuzi 80, zima AC, acha gari silensani. Weka pamoja presha ya reli inayotakiwa na presha halisi. Silensani zinacheza jirani ya kPa 30,000, lakini cha kutazama ni pengo kati ya hizo mbili. Kisha mmoja aendeshe, mwingine akodolee skrini: gia ya 3, mlimani, pedali hadi mwisho. Presha halisi ikibaki nyuma, mafuta hayafiki. Badilisha chujio kwanza, halafu funga mpira angavu wa sentimita 30 hivi kati ya chujio na pampu utazame mapovu. Presha zikipanda sambamba na gari bado zito, achana na mafuta, hamia kwenye hewa. Swichi ikiwa on na injini imezimwa, sensa ya presha ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) husoma hewa ya mahali ulipo: kama kPa 100 Dar es Salaam au Mombasa, Nairobi kama 83, kwa hiyo usimwambie mtu wa Nairobi sensa yake imekufa. Injini ikiwaka, ukikanyaga na namba hiyo isipande, kagua mipira ya intakula (kipoza hewa ya turbo), turbo, na masizi ya EGR (mfumo unaorudisha moshi kwenye injini).

Utamu wenyewe uko kwenye namba nne za Feedback, moja kwa kila silinda. Zinaonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani ili injini itulie. Zikiwa kati ya -3 na +3, nozeli ziache. Iliyopanda sana juu ya sifuri ni silinda dhaifu inayosaidiwa, na hapa ndipo watu wanapoliwa hela: udhaifu unaweza kuwa wa kompresheni, si nozeli. Techstream ina jaribio linalozuia mafuta huku ukipiga starta, likakuonyesha kasi ya kila silinda. Ile inayozunguka kwa kasi kuliko wenzake haibani hewa. Lifanye kabla ya kununua chochote. Ukibadilisha nozeli, namba yake ya fidia (inayoiambia kompyuta jinsi nozeli hiyo inavyopuliza) iliyochapwa kichwani lazima iandikwe kwenye kompyuta. ELM327 ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Betri iwe imejaa wakati wa kuandika.

Isichokiona kebo ni washa (pete bapa) za shaba chini ya nozeli. Zikivuja, gesi ya moto hupenya hadi kwenye oili, ikatengeneza masizi mazito yanayoziba chujio la kuvutia oili ndani ya sampo (karai la oili chini ya injini). Taa ya oili ikichelewa kuzima baada ya kuwasha, shusha sampo, usisubiri namba yoyote. Mtindo wa kupima kwa chupa nne mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli haufai hapa bila kufungua, kwa sababu bomba la kurudishia limefichwa chini ya kifuniko cha valvu. Likivuja, dizeli inaingia kwenye oili: vuta kijiti, na kama kiwango kimepanda na kinanuka dizeli, zima injini. Na kila nozeli inapotolewa, washa iwe mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima.