Jeki ya mafuta ya tani 2: mzee kaikubali, mimi nusunusu

Mzee wangu kazoea jeki ya kuzungusha, ile inayoacha viganja na malengelenge. Juzi tukibadili breki pedi za mbele nikamletea hii. Akapiga mpini mara chache, gari likapanda. "Kumbe miaka yote uliniacha niteseke, mwanangu!"

Kasoro ipo: ikibeba mzigo kwa muda inashuka taratibu, na sili, mpira wa kuzuia mafuta yasitoke, imeanza kuvuja. Afadhali mzee haruhusu mtu aingie chini ya gari bila stendi za kulishikilia. Nati za tairi tulizilegeza kabla ya kunyanyua, alivyonifundisha nilipokuwa mshika tochi wake. Siku hizi tochi anashika yeye, na anamulika kila mahali isipokuwa kwenye bolti.