Kupanda Hamsini na Saba hadi Kitulo kwa gari la kukodi: uzoefu wangu

Nilikodi Land Cruiser mkonga, lile lenye bomba la hewa lililoinuliwa kando ya kioo cha mbele, pamoja na dereva kutoka kampuni moja ya jijini Mbeya, ili nipande hadi Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kupitia Chimala, kwa barabara ya milimani iitwayo Hamsini na Saba, na kushukia upande wa Isyonje. Ninaandika kwa ajili ya wanaojiuliza kama huduma hiyo inastahili bei yake, ilhali mjini zipo gari ndogo za gharama nafuu ambazo wenyewe huapa kwamba zinafika juu bila shida. Kwa msimu wa maua, inastahili, na sehemu kubwa ya kile nilicholipia ilikuwa ni dereva.

Msimu wenyewe ndio chanzo cha ugumu wote. Maua ya Kitulo huchanua kati ya Novemba na Aprili, yaani kipindi kile kile cha mvua, hivyo anayetaka kuyaona hana budi kukubali barabara ikiwa katika hali yake mbaya zaidi. Ukienda Julai utapata njia kavu, anga safi na baridi kali ya asubuhi, lakini uwanda utakuwa ni nyasi tu. Mimi nilifuata maua.

Barabara ya Hamsini na Saba, iliyopata jina lake kutokana na idadi ya kona zake, huanzia Chimala kwenye tambarare ya Usangu, takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kupanda ukuta wa mlima kuelekea Matamba. Kabla ya kona ya kwanza dereva alisimama, akaingiza fo-wili, yaani magurudumu yote manne yavute, na kuweka ile gia ya chini kabisa kwa kijiti kifupi kilicho kando ya kile kikubwa, kisha gari likaanza kupanda polepole kwa sauti moja isiyobadilika. Katika kila kona kali alipunguza mwendo mapema, akapiga honi na kutega sikio, kwa kuwa malori ya viazi hushuka yakiwa yameshiba mzigo na si rahisi kwa dereva wa lori kusimama ghafla kwenye mteremko ule. Tulipokutana na lori moja, alirudi nyuma hadi penye upana na kulisubiri lipite, huku akiangalia kioo cha upande wa bonde. Nilipomuuliza kwa nini hakushika breki sana katika sehemu fupi za mteremko, alinijibu, "Dada, hapa kazi inafanywa na gia, breki ni ya akiba." Baadaye, tulipokuwa tukishuka upande wa pili, nilielewa alichomaanisha, kwani tulilipita gari dogo lililoegeshwa pembeni likitoa harufu ya breki zilizopata moto, na wenyewe wamekaa kwenye jiwe wakisubiri zipoe.

Kuhusu mandhari, sidhani kama nimewahi kupita njia inayofunguka kiasi kile. Kila kona unayoimaliza huipanua Usangu chini yako: kwanza mabati ya Chimala, kisha barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA, halafu mashamba ya mpunga yanayong'aa maji hadi macho yanaposhindwa kuyafuata. Dereva alisimama kila nilipomwomba, lakini kamwe si ndani ya kona, na jambo hilo nililiheshimu hata pale nilipokosa picha niliyoitamani.

Juu ya Matamba mlima hubadilika kabisa. Uwanda wa Kitulo una wastani wa mita 2,600, na hata injini ya dizeli hupungukiwa nguvu kwa sababu ya hewa nyepesi. Udongo ni mweusi, wenye asili ya volkano, na ukilowa hukamata tairi kwa namna ambayo mtu aliyezoea matope mekundu ya mabondeni hawezi kuitarajia. Ndani ya hifadhi tulikuta sehemu ambayo magari yaliyotutangulia yalikuwa yamechimba makorongo mawili marefu yaliyojaa maji. Pembeni palikuwa na nyasi tambarare, imara kwa kutazama, na mtu yeyote angeshawishika kuzunguka. Dereva alikataa. Alisema chini ya nyasi zile kuna viazi vya maua ya okidi, na tairi likipita juu yake hayatachipua mahali hapo. Nilifurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu hifadhi hii, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ilianzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na mojawapo ya mambo yaliyosukuma kuanzishwa kwake ni uchimbaji wa viazi hivyo hivyo vya okidi, vilivyokuwa vikipelekwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda.

Tukapita kwenye tope, na tukakwama.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kwa kampuni. Garini hakukuwa na sepeto wala kamba ya kuvutia, ingawa ofisini niliambiwa kwamba gari lina vifaa vyote vya safari ya mlimani. Dereva alichimba kwa ubao wa jeki, akapunguza upepo katika tairi zote nne kwa kubonyeza pini kwa ncha ya ufunguo, na tairi zilipotanuka kidogo zikapata mshiko, gari likatoka taratibu bila kurusha tope. Pampu nayo haikuwepo, kwa hiyo ilitubidi kwenda mwendo wa pole hadi tulipompata fundi wa pancha. Kwa bei waliyotoza, ambayo mafuta na kiingilio cha hifadhi havimo, upungufu huo haukubaliki, na nimewaeleza hivyo kwa maandishi.

Maua yenyewe yalikuwa kama nilivyotumaini: okidi za zambarau zilizojificha kwenye nyasi, ambazo huzioni hadi uteremke garini na kuinama, na mengine marefu yenye vichwa vya rangi ya moto yaliyosimama kando ya vijito. Tuliposhuka kuelekea Isyonje, Mlima Rungwe ulijitokeza mbele yetu mara moja tu kati ya mawingu.

Ningekodi tena kwa kampuni ile ile, kwa sharti la kumwomba dereva yule yule na kulikagua gari kabla ya kulipa. Fungua nyuma mwenyewe uone sepeto, kamba, pampu na jeki yenye ubao wake, tazama meno ya tairi la akiba, na uulize kama gia ya chini imejaribiwa hivi karibuni. Ondokeni Mbeya alfajiri, kwa sababu mvua za uwandani hupenda kunyesha mchana, na ni vizuri ukungu ukutane nanyi mkiwa mmeshamaliza kona.